Chai ya Haji

Basi lilipopita soko kuu la Kerman, Bibi Effat aliacha tasbihi mapajani, masikio yakahamia kiti cha mbele. Upande wa wanawake hauna siri.

"Mumeo anapasuliwa nyonga leo mchana, nawe unampelekea chai?" nesi kijana alimuuliza mama aliyepakata chupa. Akanusa kifuniko. "Mama Turan, hii ina afyuni."

"Punguza sauti, mwanangu! Ni dawa yake, miaka thelathini sasa. Haji si teja."

Bibi Effat alicheka ndani ya buibui. Kitendawili hicho alikijua: kwa baba ni dawa, kwa kijana wa jirani ni uhuni.

"Wodini wanajua?"

"Wajue nini? Watu wanambusu mkono kwa heshima!"

"Basi akiikosa atatetemeka na kutukana, nao watadhani amerukwa na akili. Nawe ukimnywesha kwa siri juu ya dawa zao, anaweza kuacha kupumua. Mimi nawauguza watu kama yeye kila siku, mama. Wakijua anatumia kiasi gani, hawamwachi ateseke. Wala hawamcheki."

"Hawamcheki?" Mama Turan alimtazama kama mtu aliyeambiwa ngamia ametaga.

Basi likasimama langoni pa hospitali. Mama Turan akainuka na chupa yake, akafika mlangoni, akageuka huku wenzake wakimsukuma.

"Hebu nambie, mwanangu. Nikisema kipande kama punje mbili za dengu asubuhi na kingine kama hicho jioni, watafahamu? Au niwachoree?"