Mama Aliyekataa Kuitubia Sinema

Wakubwa shikamooni, na nyote poleni kwa msiba huu. Kwa desturi yetu, historia ya marehemu hupitiwa kwanza na wazee wa kanisa, wakapunguza wanachotaka kupunguza, lakini safari hii wazee wamesema hawatakanyaga hapa, kwa hiyo mtaisikia nzima, kama tulivyoiandika sisi watoto wake na kumpa Dorcas, kifungua mimba, aisome.

Mama yetu, Easter Mwikali, alizaliwa tarehe 9 Mei 1933 huko Kangundo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatolewa kwa kuwa ilionekana mtoto wa kike amesoma vya kutosha, na tarehe 1 Desemba 1951 akafunga ndoa na Laban Kilonzo, wakateremka pwani pamoja, Laban akapata kazi katika shamba la mkonge. Mungu aliwajalia watoto watatu, Dorcas, Kyalo na Mwende. Laban alifariki mwaka 1966, na mama, badala ya kurudi bara kama alivyoshauriwa, alikwenda Kikambala akaomba kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, kisha mwaka 1970 akahamia hoteli moja hapa Malindi, akaifanya kazi hiyo hiyo mpaka ugonjwa ulipomlaza.

Hapa Malindi ndipo alipoijua sinema, na hatufichi, aliipenda kwelikweli. Jumapili asubuhi alikuwa kanisani, na alasiri alijifunga leso safi akaenda kutazama picha, wala hakuwa mtu wa kutazama akanyamaza. Picha za familia zilimkasirisha, kwa kuwa haziwezi kuwapa watoto safari ya maana mpaka zimuue mama yao kwanza, naye aliuliza mama huyo amemkosea nani. Picha za majoka na wafalme alizisifu kwa joka, akazilaumu kwa mfalme, maana hakuonyeshwa hata mara moja ni nani anayelilimia chakula jeshi lote lile. Na yule shujaa arukaye angani, ambaye risasi humdunda kifuani, hakumpa heshima hata chembe, akisema kwamba asiyeweza kuumia hana ujasiri, ana bahati tu, na kwamba mwanamume wa kweli katika picha ile alikuwa bawabu mzee, aliyesimama mlangoni na rungu lake huku magoti yakimtetemeka.

Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1981, ilipofika zamu yake ya kutoa ushuhuda mbele ya kina mama wa kanisa, alisimama akawasimulia picha hiyo ya shujaa na bawabu tangu mwanzo hadi mwisho, akasema ndiyo sababu anamwamini Bwana Yesu, kwa kuwa bustanini aliogopa hadi jasho likamtiririka, na bado akaenda. Kina mama walipiga vigelegele. Wazee walipopata habari walisema amemlinganisha Mwokozi na upuuzi wa sinema, wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya watu atubu. Hakutubu. Kwa karibu miaka sita alikaa benchi la nyuma, akaimba kwa sauti ya juu kuliko waliomtenga, na alasiri akaenda zake kutazama picha.

Mwezi wa Machi mwaka huu, 1987, alianza kuugua figo, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Mwezi wa Agosti wazee watatu, wakiongozwa na Mzee Mwaura, walimfuata kitandani, wakamwambia kuwa neno moja tu la toba litamrudishia Meza na maziko ya kanisa. Mama aliwauliza kama wameiona picha yenyewe, na walipokiri kwamba hawajaiona, akawaomba kwa adabu zote waende kwanza wakaitazame, kisha waje wabishane naye. Kyalo alimsihi akubali ili azikwe kwa heshima, naye akamjibu mwanawe kwamba heshima ya kupewa kwa kusema uongo haitaki, hata akiwa maiti. Alifariki Alhamisi alfajiri, tarehe 24 Septemba, bila kulitamka neno hilo, na sisi wanawe tunajivunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wetu, Waislamu kwa Wakristo, walioleta masufuria, maji na mikono yao, wenzake wa chumba cha kufulia, na mkata tiketi wa sinema, aliyefunga dirisha lake leo ili awe nasi. Zaidi ya wote tunawashukuru kina mama wa kanisa, ambao Jumapili walitangaziwa kwamba atakayefika hapa naye atatengwa, na wamefika, wote, na sare zao, wamekaa safu ya mbele. Mzee anayeyataka majina yao na aje, tutamsomea kwa sauti. Mchungaji hatunaye, kwa hiyo kina mama hawa ndio watakaoomba, ndio watakaoimba, na ndio watakaotupa udongo wa kwanza.

Pumzika kwa amani, Mama, kanisa lako limekuja.