Waliochomoka Mbele ya Kamera

Jumapili asubuhi, katika treni ya Jakarta, mama mmoja aliyelowa jasho aliketi mbele yangu, kando ya kijana anayewapiga picha wakimbiaji barabarani. "Wewe ndiye uliyeniharibia," alimwambia. "Bwana Gunadi, kiongozi wa kikundi chetu cha mbio, alituahidi kwamba mbio ndefu tunakwenda pamoja, kwa mwendo wa yule wa mwisho. Kukuona tu na hilo likamera lako, wote wakachomoka kama wamefukuzwa na mbwa. Nawafikia mwisho wa njia, wameshamaliza kifungua kinywa, uji wa mchele na kuku. Marathoni ni mwezi ujao. Nitajiandaa na nani?"

"Mama, mimi nilichuchumaa tu. Sijamfukuza mtu."

Shuleni kwetu zamani, kiongozi wa msafara alitembea nyuma, asiachwe mtu. Siku hizi, naona, hutangulia ili picha isimkose.

Kijana akamwonyesha mama picha aliyompiga: yuko peke yake barabarani, uso umetulia. "Hii nakupa bure, mama. Warudie, uwaonyeshe."

Mama aliitazama kwa muda. "Mwendo tuliokubaliana ndio huu. Nimeushika peke yangu, halafu mimi ndiye niwarudie?"

"Sasa utakimbia na nani?"

Treni ikasimama kituo cha Manggarai. Mama alishuka bila haraka, huku abiria wakimpita kushoto na kulia.