Mrija wa Mwalimu Caritas

Mheshimiwa Msimamizi wa Komini, Daktari Mkuu wa kituo chetu, Baba Padri, wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa mliotoka mitaa ya Gihosha, Mutakura na hata Kinanira. Na wewe, Mwalimu Caritas, uliyekaa safu ya pili karibu na dirisha.

Mnisamehe nikiwasalimu nimekaa. Miguu imekataa kunibeba, na ini langu, kwa jinsi nilivyojisomea vipimo vyake mwenyewe, halitanifikisha Krismasi. Mmekuja kuniaga baada ya miaka thelathini na minne ya maabara, na nyuma ya kile kitambaa kwenye mlango wa maabara mmeandika jina langu, Libère. Naomba kitambaa kibaki palepale kwanza.

Nakumbuka asubuhi za chumba kile. Umeme ulipokatika, tulikigeuza kioo cha hadubini kuelekea dirishani, jua likatufanyia kazi. Nakumbuka wagonjwa walioleta choo kwenye viboksi vya kiberiti, vimefungwa kwa gazeti kama zawadi, na akina mama waliopita nje wakiita, "Muzee Amiba! Leo umekamata ngapi?" Nami nikajibu, "Yako imetoroka, mama, nenda uirudishe!" Hata katika miaka ile ya vita na vizuizi barabarani, tulicheka. Nani kati yetu asingependa kuurudia mlango ule asubuhi moja tu?

Lakini jina lile la Muzee Amiba, mwindaji wa wadudu wa tumboni, nililipenda kupita kiasi.

Mwaka 1996 Mwalimu Caritas alianza kuhara damu. Siku zile makambi ya waliokimbia vita yalijaa, maji yalikuwa machafu, na watu wengi mjini walikuwa wakihara damu. Nilitazama choo chake, nikaona vitu vya mviringo vimetulia, nikaandika: amiba. Akapewa dawa. Baada ya mwezi akarudi amekonda, nikaandika: amiba. Niliandika hivyo mara saba, ndugu zangu.

Mara ya tatu nilikuwa na Mawazo, kijana wa maabara aliyekimbia vita kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiwa na koti lake jeupe la kazi na mfuko mmoja. Aliinama kwenye hadubini, akakawia.

"Muzee, we uliiona ikitembea?"

"Zimepoa njiani. Kizuizini wamechelewesha."

"Apana. Mwalimu amekitoa hapa hapa kwetu, bado cha moto. Mi naona chembe nyeupe za damu tu, zimelala."

"We mutoto wa Uvira, ulisomea wapi?"

"Kwenye hadubini kama hii, Muzee. Ila sisi tulikuwa tunaangalia."

Chumba kizima kilicheka, nami nikaona haya. Nikasema, "Nimeiona ikitembea."

Sikuiona. Amiba iliyo hai hutambaa. Hilo nililijua kabla Mawazo hajazaliwa. Zile zilikuwa chembe za mwili wa Caritas mwenyewe.

Mwaka 1999 daktari alimtazama ndani ya utumbo, akaupata ugonjwa: rektokoliti. Walinzi wa mwili, wanaotukinga na maradhi, wanaugeukia utumbo mpana wa mtu mwenyewe, unavimba na kutoka vidonda. Ugonjwa huo hauletwi na mdudu wala na uchawi wa jirani, na hauambukizwi kwa mkono, kwa sahani wala kwa kinywaji. Hutulia miezi kadhaa, kisha hurudi. Vidonge alivyopewa haviwezi kuumaliza, ila vikinywewa kila siku huutuliza, na ndiyo maana leo Mwalimu amekaa pale, amenenepa, anafundisha. Kwa nini alingoja miaka mitatu? Kwa sababu ya karatasi zangu.

Hayo baadhi yenu mliyahisi. Msiyoyajua ni ya arusi ya mdogo wake, Amandine, mwaka 1998. Chungu cha impeke, ile bia yetu ya mtama, kilikuwa katikati, na mrija ukawa unapita mkono kwa mkono. Ulipofika kwangu nilikunywa. Kando yangu alikuwa Caritas, ameshanyoosha mkono. Shangazi mmoja akanong'ona, "Huyo ana amiba." Watu wote wakanitazama mimi, mtu wa maabara. Nami, niliyejua miaka miwili kwamba sikuwa nimeona kitu, niliupitisha mrija juu ya magoti yake, nikampa mzee wa pili.

Caritas aliurudisha mkono wake polepole, akajifanya anatengeneza nguo begani. Mwezi uliofuata wazazi wa wanafunzi wake waliomba aondolewe darasani. Kama hata Muzee Amiba anamwogopa, wangefikiri nini?

Alipopata nafuu alikuja nyumbani na ndizi. Akaniambia, "Daktari wa kwanza ndiye alikosea. Wewe Muzee ulijitahidi." Mwalimu, nilikula zile ndizi. Zote.

Mawazo, kuanzia kesho chumba kile ni chako. Nanyi wengine, futeni jina langu mlangoni, muandike swali lake: Uliiona ikitembea? Na wewe kijana wa maabara utakayekuja baada yake, usipoona kitu, andika kwamba hukuona. Huenda watakucheka mara ya kwanza. Andika.

Mwalimu Caritas, siombi uniambie neno mbele ya watu. Nimeomba chungu cha impeke kiletwe hapa miguuni pangu, chenye mrija mmoja, na kiti hiki cha kando yangu ni chako. Safari hii unaanza wewe. Ukishakunywa na kunipa, nitakunywa. Ukiupitisha mrija juu ya magoti yangu ukampa Baba Padri, hiyo pia ni haki yako, na mtu yeyote asikulaumu.

Asanteni nyote kwa kunikopesha masikio yenu. Mkono wangu ni huu, nimeshaunyoosha.