Viti vya Mbele ni vya Watoto

Alhamisi, tarehe 12 Machi 2009, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Watoto mia mbili wa shule ya msingi walifika ukumbi wa okestra wameloa chapachapa. Familia inaanza wasifu huu na siku hiyo kwa sababu wapo ambao wangependa isahaulike.

Marehemu, ambaye watoto walimwita Shangazi Hadithi, alizaliwa tarehe 6 Juni 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, akafundisha darasa la pili kwa miaka kumi na mmoja, kisha okestra ikamwajiri awasimulie watoto hadithi huku vyombo vikijibu. Klarineti ilikuwa jirani mmbea. Besi kubwa, ile fidla ndefu kuliko mtu, ilikuwa babu anayekoroma, na kabla ya hadithi kila mtoto aliigusa kwa kiganja.

"Shangazi, tumbo la babu linanguruma!"

"Ana njaa huyo. Kaa kimya asije akakuona."

Mwaka 1990 aliolewa na mpiga besi huyohuyo, mwanamume pekee, alivyosema, aliyejua kusubiri zamu yake ya kusema. Walijaliwa watoto wawili.

Alhamisi ile mkurugenzi wa okestra alijaza wageni rasmi kwenye viti vya mbele. Watoto wakasukumwa nyuma kabisa.

"Mkurugenzi, hadithi hii ni ya nani?" marehemu aliuliza.

"Hata huko watasikia."

"Kusikia watasikia. Besi wataigusaje?"

"Mama, simulia. Usituaibishe."

Alishuka jukwaani, akaenda kusimama nyuma katikati ya watoto, akaanza. Mumewe akabeba besi, akamfuata. Mpiga klarineti akageuza kiti, kisha wa fidla, kisha wote. Wageni rasmi walisikiliza hadithi nzima wakitazama migongo.

Mvua haijakatika, mkurugenzi alimfukuza mlangoni: "Usikanyage tena hapa." Miaka ishirini na moja ya kazi, bila hata asante.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Miaka miwili alilala na kuamka hospitali. Kutoka ofisi ya okestra hakuja mtu, haikuja hata simu. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Agosti 2021, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Juzi ofisi hiyo ilileta shada lenye maneno "Hazina Yetu", na ombi la viti vinne vya mbele hapa msibani na dakika tano za kuzungumza. Hazina haifukuzwi mvuani. Dakika hazipo. Viti vipo, nyuma.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na watoto hawa wa shule waliokaa mbele leo. Mungu amlaze pema, mahali ambapo hakuna wa kumwondoa.

Kesho yake baada ya kufukuzwa, Ijumaa saa mbili asubuhi, alifika shuleni kwa watoto walewale, mumewe akisukuma besi juu ya mkokoteni. Aliwapanga wafupi mbele, akasubiri hadi wa mwisho aiguse besi, ndipo akaanza hadithi upya.