Uongo Niliomzushia Pesha

Sogeeni karibu, wanangu, Ruvim na Polina, mlifunge na dirisha hilo, makelele ya mji huu wa Odessa yasinipokonye pumzi niliyobakiza, maana nina neno nililolimeza miaka arobaini na sasa linanikaba.

Mnakijua kitabu changu kilichonipa jina, kinachosimulia nilivyoiacha dini ya wazee wetu wa Kiyahudi nikafuata elimu ya dunia. Mnakumbuka nilivyoozwa Pesha, binti wa mzee Reb Anshel wa kijiji cha Hlinitsa, nikiwa na miaka kumi na tano, na ile sura wasomaji waipendayo kuliko zote, Pesha akitia vitabu vyangu vya hesabu kwenye tanuri la mikate ya Sabato huku akinilaani. Wanangu, nilisema uongo. Pesha hakuchoma hata karatasi. Siku baba yake alipokuja kunipekua, Pesha alivizika vitabu ndani ya pipa la unga, akaendelea kukanda, na mzee alipofoka, "Viko wapi vitabu vya huyo kafiri?" akamjibu, "Baba, mimi nakanda mkate. Kama unataka kunisaidia, nawa mikono kwanza." Mzee akaondoka akibamiza mlango. Pesha akanigeukia akicheka: "Soma basi, mume wangu, ila unifundishe na mimi."

Sikumfundisha. Wiki ya pili nilitoroka, kurasa bado zikipukutika unga, nikamwacha bila talaka, na kwa sheria yetu mwanamke wa namna hiyo haolewi tena. Nilimfunga miaka kumi na moja, hata nilipotaka kumwoa mama yenu ndipo nikakumbuka kumpelekea talaka. Kisha nikamwandika mjinga, kwa kuwa mjini walitaka kucheka, nami nilitaka mkosaji awe mwingine. Kitabu kikafika Hlinitsa. Watoto wakamwimbia njiani, "Pesha tanuri! Pesha tanuri!"

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kuacha sijutii, hata leo. Namjutia niliyemkanyaga nikitoka.

Nasikia yu hai. Ruvim, kitabu kisichapwe tena bila ukweli huu. Polina, yaandike maneno haya, nenda wewe umsomee mbele ya majirani zake, kwa sauti. Msamaha usimwombe, aombwaye hulazimika kujibu, nami nimeshamlazimisha mengi. Akikufukuza, ondoka kwa adabu.

Inamisheni vichwa. Baraka yangu mwenyewe sina... hii ni ya baba yangu. Ruvim, Mungu akufanye kama Efraimu na Manase. Polina... kama Sara, na Rebeka, na Raheli, na... nani wa nne? Nisaidie, mwanangu... Lea. Ndiyo, Lea... yule aliyenyimwa kupendwa. Mtajeni... na Pesha naye mtajeni...