Chaki ya Fundi Bila Chaki

Ndugu waombolezaji, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu tuliyeachiana naye ziwa, na naomba mnivumilie, maana tulikuwa tumeandika historia nyingine, nzuri kuliko hii, ila mwenyewe aliikataa akiwa bado hai.

Dada yetu, mliyemjua kama Fundi Bila Chaki, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, mama alipofariki akaacha masomo na kuingia dukani kwa baba, chumba kimoja chenye cherehani mbili na meza ya kukatia iliyomeza nafasi yote.

Mwaka 1974 chaki iliisha mteja akiwa kwenye benchi anasubiri, dada akashika mkasi, akakata suruali kwa jicho, ikamkaa yule bwana vizuri ajabu, na baba akatoka mlangoni kuwatangazia vinyozi na wauza viatu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, huyu kazaliwa na ufundi, hajafundishwa na mtu. Tangu siku hiyo baba akapiga marufuku chaki dukani, watu waone maajabu. Asichokijua ni kwamba binti yake alikuwa akiamka alfajiri kwa miaka miwili, akipiga magoti jikoni, akichora kwa chaki kwenye magazeti, akikata, akikosea, kisha akiwashia jiko kwa makosa yake. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na dada aliinama, ila akaona aibu kusema, kwa jinsi baba alivyokuwa amefurahi.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1981 na dereva wa lori, shemeji yetu aliyeketi pale mbele, wakajaliwa watoto watatu, na magazeti yakaendelea, shemeji akiambiwa ni ya kuwashia moto tu, naye, mtu wa safari, akaamini.

Mwaka 2006 kitinda mimba wao, aliyetamani sana kazi ya mama yake, alikata koti la bwana harusi bila chaki, kama ilivyo desturi ya duka letu, mkono mmoja ukatoka mfupi. Familia nzima tulimzunguka, tukasema hakujaliwa, damu ya babu imempita kando, na mama yake, mkasi mkononi, alinyamaza. Binti akaacha cherehani, akaenda kufua mashuka hotelini. Aibu ile, ndugu zangu, dada aliniambia ilimkaa kooni kama mfupa, na leo imetukaa sote.

Tarehe 3 Februari mwaka huu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi, na siku aliyopata tena sauti alimwita kitinda mimba, akamwomba anunue chaki, kisha akamweleza yote, akilia, akisema mwanangu, sikuzaliwa najua, niliogopa kuonekana wa kawaida, nikakuacha ubebe aibu wewe. Binti alitoka nje, hakurudi hadi kesho yake, na aliporudi alikuwa na chaki na furushi la magazeti.

Baba mdogo alisihi haya yasisomwe, akitukumbusha kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ni kweli, ila marehemu, akiwa bado hai, alimjibu kwamba aibu hii si ya mwosha, ni ya binti yake, na aliyeivishwa mbele za watu avuliwe mbele za watu.

Dada alifariki nyumbani tarehe 21 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomgeuza kitandani sisi tukiwa kazini, na mafundi wenzake waliofunga maduka leo, ambao sasa wanajua kwa nini hakuwahi kumkaribisha mtu jikoni kwake asubuhi.

Mtakapopita kumuaga, mtaona gauni alilovaa. Amelikata kitinda mimba, mama akielekeza kwa mdomo kutoka kitandani, mawili ya kwanza yaliharibika, hili la tatu limemkaa. Kwenye upindo kuna mstari wa chaki, binti alitaka kuupangusa, mama akakataa.

Pumzika kwa amani, dada, mstari wako tumeuacha.