Vumbi la Kikambala na Jina Nililolitaja

Bwana asifiwe! Asifiwe na wenye pumzi ndefu, na sisi wenye pumzi fupi pia tumo! Mnanifahamu, ni mimi Kazungu, fundi wa mapaa hapa Barani. Nikisita katikati ya ushuhuda msishtuke, navuta pumzi tu.

Ndivyo ilivyoanza, ndugu zangu. Mimi niliyekuwa nikipanda paa huku naimba, nikawa napumzika mara mbili kabla ya kufika chooni. Ubavu wa kulia ukauma, kikohozi kikavu kikakataa kuondoka, suruali zikanipwaya. Nikapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Basi nikasema nimerogwa!

Na nikamtaja mtu. Baba mkubwa Charo, kaka ya marehemu baba yangu, kule Kakuyuni. Tuliwahi kugombania shamba, naye ni mzee wa mvi; sababu nyingine sikuwa nayo. Mnajua huku kwetu mzee akishatajwa kuwa mchawi, anaishi akiogopa panga. Vijana wa ukoo wakaanza kukutana bila kumwita. Binti yake akamhamisha upesi. Nami nilinyamaza. Naona haya kuwaambia, lakini nilinyamaza.

Mungu akamtumia daktari mmoja, mwanamke. Picha ilionyesha maji yamejaa kando ya pafu. Hakuniuliza nimekosana na nani. Aliniuliza, "Mzee wangu, ulipokuwa kijana ulifanya kazi gani?"

Nikamweleza. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita tulibomoa mapaa ya asbesto, yale mabamba ya kijivu kama saruji, kwenye hoteli moja Kikambala. Tuliyavunja kwa nyundo, tukayakata kwa msumeno, pua na mdomo wazi. Vipande vizima nikaja navyo nyumbani nikaezekea banda la kuku, nikajiona mjanja kweli!

"Vumbi lile hukaa kifuani miaka mingi kabla ya kuonyesha ugonjwa," akasema. Wakachukua kipande kidogo cha nyama kifuani wakakipima. Ni saratani ya utando wa mapafu.

Ndugu zangu, nililia, na sikujililia mwenyewe! Nikawaita wale vijana, nikalikana neno langu mbele yao. Kisha nikapiga simu. "Shikamoo, baba. Si wewe. Ni vumbi la kazi yangu."

Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Je, unakula?"

Mtu niliyekaribia kumuua, ananiuliza kama ninakula!

Maji yalitolewa, sasa napumua. Sijapona, daktari hakunidanganya, nami siwadanganyi. Lakini Bwana amenitoa kwenye uongo ambao ungemwaga damu. Wewe uliyevunja mapaa yale, au uliyemfulia mumeo nguo zenye vumbi lile, ukiona pumzi zinakatika, ubavu unauma, kikohozi hakiishi, mwili unakonda, nenda hospitali. Mwambie daktari kazi ile ya zamani, hata asipouliza. Kama una banda kama langu, usilibomoe mwenyewe. Na umtegemee Mungu! Hatakutuma kumwinda mzee wa mtu.

Baba mkubwa, nakuona hapo benchi la mbele. Miguu imechoka. Nisogezee nafasi, nikae nawe.